NAHODHA HUPIMWA KABLA YA KUNG'OA NANGA
Somo kwa wenzetu wanaotaka kupata leseni ya kuendesha boti



Kando ya Ziwa Victoria wako wenzetu wengi ambao wameendesha mitumbwi na boti kwa miaka mingi. Wanajua mwamba ulipo hata kama maji yameufunika. Wakiona wingu wanajua kama ni la mvua au la kupita tu. Lakini wakisikia habari ya leseni, wanasema: "Mimi nimekulia majini. Hiyo karatasi itanifundisha nini?"

Wengine wana sababu tofauti, ila hawaisemi. Wanaogopa mtihani. Mtu amejifunza kusoma na kuandika akiwa na wajukuu. Sasa akifikiri habari ya kukaa mbele ya msimamizi na kuulizwa maswali, moyo unadunda. Anaona afadhali aendelee kujificha siku za ukaguzi.

Somo hili linawahusu wote wawili. Huyu wa kwanza ana ujuzi wa mikono, bado ujuzi wa kitabu. Huyu wa pili amekwisha kushinda kazi kubwa zaidi, yaani kujua kusoma. Yaliyobaki ni kujifunza jambo moja moja. Hakuna jambo katika somo hili linalomshinda mtu aliyemaliza kisomo.

KWA NINI LESENI?

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kilikuwa kimekaribia kufika. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kivuko hicho kilitengenezwa kuchukua watu wapatao 100 tu. Aliyekuwa Rais wakati huo, Hayati John Magufuli, alilihutubia taifa. Alisema kivuko kilizidisha watu, na kwamba usukani ulikuwa umeachwa kwa mtu asiyekuwa na mafunzo ya kutosha.

Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Kando ya ziwa hili ziko nyumba nyingi ambazo mpaka leo hawaisahau tarehe hiyo.

Sasa tufikiri pamoja. Kupakia watu kupita kiasi ni kosa linalotendeka wapi? Je, hutendeka katikati ya ziwa, mawimbi yakipiga? Hapana. Hutendeka gatini, chombo bado kimefungwa kamba. Kumpa usukani mtu asiyefundishwa ni kosa la wapi? Nalo huanza nchi kavu.

Basi hilo ndilo jambo kuu la somo hili. Nahodha hupimwa kabla ya kung'oa nanga. Kujiandaa kupata leseni ni kujifunza kufikiri kabla ya safari.

KARATASI MBILI, SI MOJA

Watu wengi huchanganya mambo. Tuyatenganishe.

Karatasi ya kwanza ni ya chombo. Chombo huandikishwa na hukaguliwa. Cheti chake huonyesha kwamba kinafaa, na kinaruhusiwa kuchukua watu wangapi na mzigo kiasi gani.

Karatasi ya pili ni ya mtu. Hii inaonyesha kwamba wewe, unayeshika usukani, umepimwa ukaonekana unaweza. Boti nzuri haimfanyi mwendeshaji kuwa nahodha.

Tanzania Bara, mambo ya usalama wa vyombo vya majini yanasimamiwa na Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC. Shirika hili lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, na likachukua kazi iliyokuwa ikifanywa na SUMATRA upande wa majini. Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri wa baharini. Mafunzo ya ubaharia hutolewa na Chuo cha Bahari, Dar es Salaam, yaani DMI.

Leseni ya uvuvi ni kitu kingine. Hiyo inakuruhusu kuvua samaki. Haisemi kwamba unajua kupeleka abiria. Tena leseni ya boti ndogo haikupi ruhusa ya kuendesha meli. Kila leseni ina mpaka wake, kufuatana na ukubwa wa chombo na maji unayokwenda.

Jambo la kwanza la kufanya ni kwenda ofisi ya TASAC iliyo karibu, au kuonana na uongozi wa mwalo ili muulize pamoja. Usitegemee maneno ya kijiweni. Omba orodha ya masharti, ada na tarehe za mafunzo, uandike kwenye daftari lako mwenyewe. Ukiandika mwenyewe, hakuna wa kukudanganya.

YA KUJIFUNZA, LA KWANZA: NJIA NA TAA

Barabara ya gari ina mistari na alama. Ziwani hakuna mistari. Lakini njia ina sheria zake. Mataifa yalikubaliana kanuni za kuzuia vyombo kugongana mwaka 1972, zikaanza kutumika mwaka 1977. Ndizo wanazofundishwa mabaharia duniani kote. Shika hizi tano kwanza:

1. Angalia na sikiliza wakati wote. Nahodha hasinzii wala hachezi na simu.

2. Boti mbili za mashine zikikutana uso kwa uso, kila moja igeukie kulia kwake. Zitapishana kushoto kwa kushoto.

3. Boti mbili za mashine zikikatana njia, inayomwona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo ipishe. Isijaribu kumkatia mbele. Ipunguze mwendo au ipite nyuma yake.

4. Anayetaka kumpita mwenzake kutoka nyuma, ndiye ajihadhari. Aliye mbele ana haki yake, hata akiwa na tanga au kasia.

5. Boti ya mashine humpisha mwenye tanga, na humpisha mvuvi aliye na nyavu majini. Mwenye nguvu ndiye anayepisha.

Usiku huoni chombo, unaona taa. Kwa hiyo ni lazima ujue kusoma taa kama unavyosoma herufi. Chombo cha mashine kinachokwenda kina taa nyekundu upande wa kushoto, taa ya kijani upande wa kulia, taa nyeupe nyuma, na nyingine nyeupe juu inayotazama mbele.

Utakumbukaje? Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, na mboga ni kijani. Basi kulia ni kijani. Nyekundu ni ule upande mwingine.

Ukiona nyekundu na kijani pamoja, na nyeupe juu yake, mtu anakujia moja kwa moja. Geukia kulia mapema. Ukiona nyekundu peke yake upande wako wa kulia, anakatiza mbele yako, na wewe ndiye wa kupisha. Ukiona kijani upande wako wa kushoto, yeye ndiye wa kupisha. Shika njia yako, lakini usimtoe machoni. Pengine hajasoma somo hili.

Ukiona nyeupe peke yake, punguza mwendo. Inaweza kuwa mgongo wa chombo kilicho mbele yako. Inaweza kuwa mtumbwi mdogo. Katika ziwa letu, usiku wa giza la mwezi, inaweza kuwa taa ya wavuvi wa dagaa, na chini yake kuna nyavu.

Boti ndogo ya mashine isiyofika urefu wa mita 7, ambayo haiwezi kwenda zaidi ya noti 7, inaruhusiwa kuwa na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Mtumbwi wa makasia nao usiende gizani kama mwizi. Angalau uwe na tochi au taa nyeupe tayari, ya kuonyesha mapema.

Honi nazo zina lugha yake. Mlio mfupi mara 1, maana yake nageukia kulia. Mara 2, nageukia kushoto. Mara 3, mashine yangu inarudisha nyuma. Mara 5 au zaidi, kwa haraka, maana yake sielewi unalofanya, tahadhari! Mlio mfupi ni kama sekunde 1.

Kwa kuwa taa ni rangi, ni lazima macho yako yatofautishe nyekundu na kijani. Kapimwe macho mapema. Wako watu wasiotofautisha rangi hizo na wala hawajui.

LA PILI: DIRA

Mchana kweupe, mlima au mti mkubwa unakuongoza. Ukungu ukishuka, mlima haupo tena. Hapo dira inasema kweli.

Duara la dira limegawanywa digrii 360. Kaskazini ni 0, au 360. Mashariki ni 90. Kusini ni 180. Magharibi ni 270.

Ukienda kwa digrii fulani, utarudi kwa digrii ipi? Hesabu yake ni rahisi. Kama digrii za kwenda hazifiki 180, jumlisha 180. Kama ni 180 au zaidi, toa 180.

Mfano: Umekwenda kwa digrii 60. Kurudi ni 60 + 180 = 240.
Mfano mwingine: Umekwenda kwa digrii 300. Kurudi ni 300 – 180 = 120.

Andika digrii za kwenda kabla hujaondoka, maji yakiwa matulivu na akili imetulia. Tena dira haipendi chuma. Usiweke panga, spika ya redio au simu karibu yake. Itakudanganya, na kosa litakuwa lako.

LA TATU: HESABU ZA NAHODHA

Hapa ndipo wengi huingiwa na hofu. Lakini anayeweza kuhesabu fedha za dagaa sokoni, anaweza hesabu hizi.

Mwendo. Majini tunapima umbali kwa maili ya bahari, ambayo ni mita 1,852. Chombo kikienda maili 1 ya bahari kwa saa 1, tunasema kinakwenda noti 1. Hii siyo noti ya fedha. Ni kipimo cha mwendo.

Ukitaka kujua muda wa safari, gawa umbali kwa mwendo. Safari ni maili 12. Boti inakwenda noti 6. Basi 12 ÷ 6 = saa 2. Upepo wa mbele ukikupunguza mpaka noti 4, basi 12 ÷ 4 = saa 3. Umeongeza saa nzima, na labda giza litakukuta njiani.

Mafuta. Kuna desturi nzuri ya mabaharia: fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, fungu moja la akiba. Kama mashine inakunywa lita 5 kwa saa, na kwenda ni saa 2, hesabu ni hii:

Kwenda: lita 10
Kurudi: lita 10
Akiba: lita 10
Jumla: lita 30

Wako wanaosema akiba ni kupoteza fedha. Lakini mafuta yaliyobaki kwenye dumu si hasara. Kesho utayatumia. Mafuta yakiisha katikati ya ziwa, upepo utakupeleka unakotaka wenyewe.

Mzigo. Hii ndiyo hesabu iliyo kubwa kuliko zote. Tuchukue boti ambayo cheti chake kinasema watu wasizidi 16, na uzito wote wa watu na mizigo usizidi kilo 1,500. Wamekuja watu 14, ukijihesabu na wewe. Kila mtu tumkadirie kilo 75. Kuna magunia 5 ya mahindi, kila moja kilo 100.

Watu: 14 x 75 = kilo 1,050
Magunia: 5 x 100 = kilo 500
Jumla: kilo 1,550

Umeona? Watu hawajafika 16, lakini boti imezidi kwa kilo 50. Gunia moja libaki. Hapo utakuwa na kilo 1,450.

Ndiyo maana mtu anayehesabu vichwa tu hajahesabu. Na anayehesabu vichwa asisahau watoto. Mtoto aliye mgongoni mwa mama yake naye ni mtu, naye anahitaji jaketi la kujiokolea linalomtosha.

Mzigo ukae chini, katikati, na ufungwe. Watu wakae. Wakisimama wote, au wakikimbilia upande mmoja kutazama kitu, boti inaweza kupinduka hata kama uzito haujazidi. Waambie abiria jambo hili kabla ya kuondoka, siyo wakati wamekwisha simama.

LA NNE: HALI YA HEWA

Wazee wetu wanasema Bahari haishi zinge. Na ziwa hili ni hivyo hivyo. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Upepo ukipata nafasi ya namna hiyo, huinua mawimbi makubwa.

Kwa nini dhoruba za ziwani hupenda kuja usiku na alfajiri? Sababu yake ni hii. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto. Hewa baridi hutoka nchi kavu pande zote na kwenda ziwani. Pepo hizo zikikutana huko, hewa yenye joto na unyevu hupanda juu, mawingu hujijenga, radi na upepo hufuata. Wewe ufukoni unaona nyota, kumbe katikati ya ziwa kumechafuka.

Kwa hiyo nyota za ufukoni zisikudanganye. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa ziwa. Sikiliza redio, au soma kwenye simu, jioni na tena kabla ya kuondoka. Andika upepo, mawimbi, na tahadhari kama ipo. Kisha tumia na macho yako. Utabiri na uzoefu ni kama makasia mawili. Ukitumia moja tu, mtumbwi unazunguka.

LA TANO: HATARI IKITOKEA

Mtu akianguka majini: piga kelele ili wote wajue. Mmoja amwonyeshe kwa kidole bila kuondoa macho. Mtupie boya au dumu tupu lililofungwa. Rudi polepole, na uzime mashine ukimkaribia, panga la mashine lisimkate. Kamba ya kuzimia mashine uwe umejifunga siku zote. Ukianguka wewe, mashine izime yenyewe.

Moto: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ngamani na kukaa hapo, ukingoja cheche moja. Jaza dumu nje ya boti. Hakuna kuvuta sigara wala kuwasha jiko karibu.

Boti ikipinduka: shikamana nayo. Usiogelee kuelekea nchi kavu kwa sababu inaonekana karibu. Majini umbali hudanganya. Mtumbwi wa mbao huelea hata ukijaa maji, na waokoaji huona mtumbwi haraka kuliko kichwa cha mtu.

Kuomba msaada: nyoosha mikono yote miwili pande zote, uipandishe na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ni ishara inayojulikana na mabaharia wote. Kama una redio ya chombo, tumia chaneli 16. Simu ikishika, piga 112 polisi, au 114 zimamoto na uokoaji. Simu ifunge ndani ya mfuko wa nailoni isiingie maji.

SWALI GUMU KULIKO YOTE

Sasa, ndugu, tuje kwenye jambo ambalo hesabu peke yake haitoshi.

Umepata leseni. Boti si yako, ni ya tajiri. Asubuhi cheti kinasema watu 16, na watu 16 wamekwisha kaa. Wanakuja wengine 6. Mmoja ni mgonjwa anapelekwa hospitali. Mwingine ni shemeji yako. Tajiri anasema, "Pakia bwana, ni mwendo mfupi. Kama huwezi, yuko mwingine anayeweza." Nyumbani watoto wanangoja ada ya shule.

Utafanyaje?

Jibu la kitabu ni fupi: haiondoki. Lakini sote tunajua uzito wake. Anayekataa anaweza kukosa kibarua siku hiyo. Ndiyo sababu lazima ujiandae kwa maneno pia, kama unavyojiandaa kwa dira.

Kwanza, panga na tajiri kabla ya kuanza kazi, si mbele ya abiria. Mwonyeshe cheti. Mwambie: "Boti yako ni mali yako. Ikizama, utapoteza boti, na mimi na wewe tutajibu mbele ya sheria." Tajiri mwenye akili atakuelewa.

Pili, andika idadi ya watu ubavuni mwa boti kwa herufi kubwa, kila abiria aisome. Siku hizi wanaojua kusoma ni wengi. Abiria akisoma mwenyewe, hutabishana naye peke yako.

Tatu, mgonjwa ana haki ya kutangulia. Basi omba mwenye afya mmoja ashuke, mgonjwa apande. Idadi inabaki ile ile. Shemeji atasafiri kwa zamu ya pili, atakasirika leo, kesho atashukuru.

Nne, manahodha wa mwalo mmoja mkubaliane. Kama mmoja anakataa na mwingine anapakia, yule aliyekataa ataonekana mjinga. Mkikataa wote, hakuna wa kumtishia mwenzenu kwamba yuko mwingine. Wahenga walisema Manahodha wengi chombo huenda mrama. Hiyo ni kweli kwa chombo kimoja. Lakini gatini, manahodha wengi wenye neno moja ni ulinzi wa kijiji kizima.

JINSI YA KUJIANDAA

Usisubiri wiki ya mtihani. Anza sasa. Miezi mitatu inatosha kwa mtu anayesoma saa moja kila jioni, siku nne kwa wiki.

Mwezi wa kwanza: nenda ofisini, pata masharti, tengeneza vitambulisho, pima afya na macho. Anza daftari la safari. Kila safari andika tarehe, chombo, ulikotoka na ulikokwenda, saa ngapi, hali ya hewa, na idadi ya watu. Mwenye boti atie sahihi. Miaka yako 20 majini haina shahidi kama haikuandikwa.

Mwezi wa pili: jifunzeni njia, taa na dira, katika kikundi. Chukueni magunzi mawili ya mahindi yawe boti. Fungeni uzi mwekundu upande wa kushoto, na jani bichi upande wa kulia. Yasogezeni mezani. Nani anapisha? Bishaneni, kisha fungueni daftari. Mtakumbuka kuliko kusoma peke yenu.

Mwezi wa tatu: hesabu na hatari. Kila siku hesabu mbili za mafuta na mbili za mzigo. Siku za mapumziko, fanyeni zoezi la kumwokoa mtu karibu na ufuko, mkiwa mmevaa majaketi. Halafu mmoja awe msimamizi, awaulize wengine maswali kwa sauti. Mkizoea kujibu mbele ya wenzenu, msimamizi wa kweli hatawatisha.

Siku ya mtihani, soma swali mara mbili. Lijibu lile unalolijua kwanza. Kama hukuelewa swali la mdomo, sema, "Naomba urudie." Hilo si kosa. Nahodha asiyesikia vizuri huuliza tena.

Akina mama nao wasikae nyuma. Hakuna kanuni hata moja katika somo hili inayosema mkono wa kwenye usukani uwe wa mwanamume.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dira – chombo cha kuonyesha upande.
Mwalo – mahali mitumbwi na boti zinapofikia.
Ngama – sehemu ya chini ndani ya chombo, maji hukusanyika hapo.
Noti – mwendo wa maili 1 ya bahari kwa saa 1.
Kufua maji – kutoa maji yaliyoingia chomboni.
Omo – mbele ya chombo. Tezi – nyuma ya chombo.

JIPIME MWENYEWE

1. Usiku unaona taa nyekundu upande wako wa kulia. Nani apishe?
2. Umekwenda kwa digrii 45. Utarudi kwa digrii ngapi?
3. Safari ni maili 15, mwendo noti 5, mashine inakunywa lita 4 kwa saa. Chukua lita ngapi za kwenda, kurudi na akiba?
4. Cheti kinasema watu 12, kilo 1,000. Wamekuja watu 10, ukiwemo wewe, na magunia 3 ya kilo 100. Je, uondoke?
5. Mwenzako anapiga honi fupi mara tano. Anasema nini?
6. Boti imepinduka, na ufuko unauona. Utafanya nini?

MAJIBU (Usitazame kabla ya kujaribu!)

1. Wewe.
2. Digrii 225.
3. Kwenda ni saa 3, lita 12. Mafungu matatu ni lita 36.
4. Hapana. Watu kilo 750, magunia kilo 300, jumla 1,050. Gunia moja libaki.
5. Haelewi unalofanya, kuna hatari.
6. Kushikamana na boti na kuomba msaada.

Uliyepata yote sita, mfundishe mwenzako mmoja. Uliyepata manne, rudia sehemu uliyokosa. Uliyepata mawili, usikate tamaa. Kata gazeti hili, liweke kwenye daftari, na kesho jioni anza tena na taa.